Kila akishuka Kyela anaishiwa nguvu: ni ugonjwa au amerogwa?

"Daktari, shikamoo. Mke wangu ana miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi huku Rungwe. Mwaka jana kope ya jicho la kushoto ilianza kuanguka jioni, asubuhi inakuwa sawa. Baadaye akaanza kuona vitu viwili viwili, na akifundisha hadi kipindi cha tatu sauti inatokea puani, wanafunzi wanacheka. Yeye mwenyewe akicheka, uso unakuwa kama wa mtu aliyekasirika. Mwalimu mkuu alisema ni uvivu, kwa sababu asubuhi anamwona mzima. Mwezi wa pili tulishuka Kyela kwenye msiba wa baba yangu mdogo. Siku ya tatu akashindwa kutafuna, homa ikampanda. Zahanati moja wakamtundikia dripu ya kwinini, usiku huo akaanza kubanwa na pumzi, tukamkimbiza Mbeya. Alilazwa siku 12, wakasema ana miasthenia gravis, wakampa vidonge vya piridostigmini. Vinamsaidia, lakini baada ya saa nne hali inarudi. Mama mkwe anasema ndugu zangu wamemroga, maana kila akikanyaga Kyela anaanguka, akirudi Tukuyu anapata nafuu. Tuna mtoto mmoja, tunataka wa pili. Je, ugonjwa huu unapona? Ni kiharusi? Watoto watarithi? Na hili la Kyela nimjibu nini mama?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mengi, ila nianze na la mwisho, maana nahisi ndilo linalokukosesha usingizi. Mama mkwe wako ameona kweli. Mkeo anadhoofu akishuka Kyela na anapata nafuu akipanda Tukuyu, mama hajatunga. Alipokosea ni kwenye sababu tu, na ukishaielewa hiyo sababu, mengi uliyouliza yatajijibu yenyewe.

Mshipa wa fahamu haugusani na msuli. Kati yao kuna upenyo mdogo mno. Mkeo akitaka kuinua kope, amri hutoka kwenye ubongo, ikashuka hadi ncha ya mshipa, na pale ncha ikamwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Ng'ambo ya pili, juu ya msuli, kuna vipokezi vinavyoidaka. Vikiidaka ya kutosha, msuli unajikunja na kope inapanda.

Wewe unakaa Rungwe, mvua unaijua. Fikiria nyumba ya bati iliyopangiwa ndoo kumi chini ya mchirizi. Mvua ikianza kwa kishindo ndoo zinajaa, na hata ikilegea baadaye, kumi zile bado zinakusanya maji ya kutosha kupikia. Sasa mtu apite apindue ndoo saba. Kishindo cha kwanza, zile tatu zilizobaki zitakupa maji ya siku hiyo. Mvua ikilegea, jikoni hakuna kitu. Mshipa wa fahamu nao ndivyo ulivyo: amri za kwanza humwaga asetilikolini nyingi, na amri zikirudiwa rudiwa kiasi hupungua. Mimi na wewe hatuhisi tofauti kwa sababu vipokezi vyetu ni vingi kuliko tunavyohitaji. Kwa mkeo, kingamwili, yaani askari wa mwili wake mwenyewe, wamevigeukia vile vipokezi, wanaviziba na kuviharibu. Zimebaki ndoo chache. Kwa hiyo kipindi cha kwanza anafundisha kwa sauti yake mwenyewe, kipindi cha tatu kaakaa limechoka na sauti inapitia puani.

Mwalimu mkuu alimwona mzima asubuhi kwa sababu asubuhi alikuwa mzima kweli. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika mwaka 1672 habari za mwanamke aliyeongea vizuri, lakini akizidisha maongezi ulimi ukamgomea kwa saa moja au mbili. Zaidi ya miaka 350 iliyopita, tayari kulikuwa na mgonjwa ambaye tatizo lake lilijificha asubuhi. Na huo uso wa hasira unaouona akicheka ni misuli ya mashavu iliyoshindwa kuvuta pembe za mdomo juu. Anacheka kwelikweli. Naomba hilo ulishike, kwa sababu nimeona ndoa zikiingia baridi kwa ajili ya tabasamu lililokataa kupanda.

Sasa Kyela. Asetilikolini ikishafanya kazi yake, kuna kimeng'enya kinachoifuta ili msuli uweze kupumzika. Joto hukichangamsha kimeng'enya hicho, baridi hukipooza. Mwenye ndoo kumi hajali. Mwenye ndoo tatu akitoka kwenye ubaridi wa Tukuyu akashuka kwenye uwanda wa Ziwa Nyasa, maji yanafutwa kabla hajayachota. Mngekuwa mnakwenda kwa ndugu Makete, kwenye baridi ile, huenda leo mama mkwe angewasifu watu wa huko kwa kumponya.

Madaktari tunaitumia tofauti hii ya joto na baridi kama kipimo. Mgonjwa ambaye kope imeanguka hufumba jicho, anawekewa barafu juu yake kwa dakika mbili, kisha anafumbua. Siku moja friji ya wodini ilikuwa imeharibika, nikamtuma mwanafunzi nje getini kwa mama muuza barafu za ubuyu. Akarudi na mbili, zile za mfuko mrefu wa nailoni. Tukazifunga kwenye glavu, tukamwekea baba mmoja ambaye jicho lake la kulia lilikuwa limefunga kabisa tangu mchana. Dakika mbili zilipoisha tukaiondoa, na kope ikapanda kama pazia, kila mtu chumbani akiitazama. Baada ya muda mfupi ikaanza kushuka tena. Mkewe alikuwa amekaa pembeni na kanga yake puani. Aliishusha ile kanga, akauliza kama anaweza kuiona ile barafu.

Joto peke yake lakini halimfikishi mtu kwenye kubanwa na pumzi. Angalia kilichompata Kyela: joto, usiku kadhaa wa matanga bila usingizi, halafu homa. Maambukizi ya aina yoyote, hata mafua, ni kichocheo kikubwa cha ugonjwa huu kuzidi. Juu ya hayo yote ikaja kwinini, ambayo inadhoofisha mawasiliano yale yale kati ya mshipa na msuli. Sikuwepo, wala siwalaumu wa zahanati. Wakati ule hakuna aliyejua ana miasthenia, na ninyi wenyewe hamkujua. Lakini leo mnajua, na hii ndiyo sehemu ya jibu langu ambayo ningependa uinakili kwenye karatasi.

Kuna dawa za kawaida kabisa, zinazopatikana kila duka la dawa, ambazo kwake ni hatari. Nazitaja kama tunavyozitamka. Mwombe daktari wake awaandikie majina kama yalivyo kwenye pakiti, kadi hiyo ikae kwenye pochi ya mkeo na nakala kwenye simu yako. Kwinini ni ya kwanza. Malaria ya kawaida itibiwe kwa dawa mseto na malaria kali kwa sindano ya atesuneti, kama mwongozo wa nchi unavyosema siku hizi, hivyo hakuna sababu ya kuikimbilia kwinini. Ya pili ni sindano ya jentamaisini, ambayo watu huchomwa kwa UTI bila kuulizwa chochote. Halafu sipro na ndugu zake, pamoja na azithromaisini na erithromaisini. Propranololi, inayotolewa kwa presha, mapigo ya moyo au kipandauso. Na magnesiamu ya sindano, ambayo nitairudia kwenye habari ya ujauzito. Baadhi ya hizi daktari anaweza kulazimika kuzitumia mgonjwa akiwa wodini chini ya uangalizi, lakini si za kununuliwa dukani na kumezwa nyumbani. Panado haina tatizo, amoksilini kwa kawaida haina tatizo. Akihitaji upasuaji wowote, hata mdogo, mtaalamu wa usingizi aambiwe mapema, maana dawa za kulegeza misuli humkolea kupita kiasi.

Umeuliza kama ni kiharusi. Hapana. Kiharusi hakiji jioni na kuondoka asubuhi, na mara nyingi hushika upande mmoja wa mwili. Hauambukizi, kulaleni kitanda kimoja na mtumie kikombe kimoja. Kwa kawaida haurithiwi. Ni ugonjwa adimu: duniani unakadiriwa kuwapata watu kama 150 hadi 250 katika kila milioni, na katika umri wa mkeo wanawake huupata zaidi ya wanaume. Ndiyo sababu mhudumu wa afya anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na hata mgonjwa mmoja.

Vidonge alivyopewa havijaishiwa nguvu. Piridostigmini huanza kazi baada ya nusu saa au zaidi kidogo na hudumu saa tatu hadi nne, wengine hadi sita. Inakizuia kile kimeng'enya, kwa hiyo maji kidogo yanayodondoka yanakaa muda mrefu zaidi kwenye ndoo zilizobaki. Ndoo zilizopinduliwa haizisimamishi. Kwa hiyo dozi ziendane na siku yake: ameze nusu saa kabla ya kula ili koo na taya viwe na nguvu wakati wa chakula, na dozi nyingine ipangwe kabla ya vipindi vyake. Akiwa dhaifu, makande na nyama ngumu vimsubiri. Ndizi zilizopondwa, parachichi, uji mzito na viazi laini vinapita bila kumpalia.

Kuhusu vidonge hivyo kuna kisa ambacho ningependa mama mkwe akisikie. Mwaka 1934, daktari Mary Walker wa hospitali ya St Alfege's huko Greenwich, London, aliona kwamba wagonjwa wa miasthenia wanafanana na watu waliopata sumu ya kurare, ile ya kupaka kwenye mishale huko Amerika Kusini. Akamjaribia mgonjwa wake mmoja dawa iliyotumika kuipinga kurare, fisostigmini, na kope ikapanda. Fisostigmini hutoka kwenye maharage ya Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria. Na huko Calabar, kabla ya madaktari kuyajua, maharage hayo yalikuwa mwavi: mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa, akitapika akapona hana hatia, akifa basi alikuwa mchawi. Wazee wa Unyakyusa nao walikuwa na mwavi wao, wa mti mwingine. Piridostigmini ni ya ukoo wa fisostigmini, imetengenezwa kiwandani. Kwa hiyo siku hizi mwavi unamezwa na anayedhaniwa kurogwa, na unamsaidia kutafuna.

Lakini bado ni jamaa wa mwavi. Msimwongezee kidonge kienyeji siku akizidiwa. Ikizidi mwilini huleta mate mengi, jasho, tumbo kukata, kuharisha, na mwishowe udhaifu ule ule mnaoukimbia.

Je, unapona? Sitakudanganya: hatuna dawa ya kuung'oa moja kwa moja. Wapo wanaofikia hatua ya kukaa miaka bila dalili, wengine hata bila dawa, lakini wengi huishi vizuri wakiwa kwenye matibabu kwa muda mrefu. Kwa mtu ambaye ameshafikia kubanwa na pumzi, nisingeridhika na piridostigmini peke yake, na muulizeni daktari wake hili waziwazi. Dawa zinazowatuliza wale askari walioasi ni prednisoloni na azathioprini. Prednisoloni inafanya kazi na si ghali, ila inaweza kuuzidisha udhaifu katika wiki mbili za kwanza, hivyo huanzwa kidogo kidogo au mgonjwa akiwa wodini. Kabla yake wapime TB, VVU, sukari na presha. Uso unaweza kunenepa, majirani wataanza yao, jiandaeni. Kuiacha ghafla ni hatari, hata kama anajisikia mzima. Azathioprini huchukua miezi mingi, pengine mwaka, hadi matunda yake yaonekane, na huhitaji vipimo vya damu mara kwa mara. Watu wengi huiacha mwezi wa tatu wakisema haifai kitu.

Kuna pia tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Kwa wagonjwa kama 10 hadi 15 katika kila 100 tezi hiyo ina uvimbe, kwa hiyo mkeo anahitaji kupigwa picha ya kifua ya CT kama bado hajapigwa. Uvimbe ukionekana, kwa kawaida huondolewa. Hata usipokuwepo, utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 126, ulionyesha kwamba wenye kingamwili dhidi ya vile vipokezi waliotolewa tezi na kupewa prednisoloni walikuwa na hali nzuri kuliko waliopewa prednisoloni peke yake, kwa miaka mitatu waliyofuatiliwa. Ni upasuaji mkubwa wa kifua na maana yake ni safari ya Dar es Salaam na gharama. Kwa umri wake ni jambo la kulizungumza na daktari, lakini si la kuuzia shamba wiki hii. Kwanza atulie kwa dawa.

Mtoto wa pili inawezekana. Subirini ugonjwa utulie kwa miezi kadhaa, na mwambieni daktari kabla ya kushika mimba, si baada, ili dawa zipangwe. Zipo za ugonjwa huu zisizofaa kabisa kwa mjamzito. Miezi mitatu ya kwanza na wiki za baada ya kujifungua ndizo ugonjwa unapopenda kuzidi. Kliniki ahudhurie karibu na nyumbani, lakini kujifungua iwe hospitali kubwa. Kwenu ninyi ningesema Meta, Mbeya mjini. Na kwenye kadi ya kliniki iandikwe kwa wino mwekundu: miasthenia, asichomwe magnesiamu. Hiyo ndiyo sindano inayotolewa kwa kifafa cha mimba, na kwa mama mwingine inaokoa maisha. Kwa mkeo inaweza kumsimamishia pumzi, kwa hiyo wakunga na madaktari wapange mbadala mapema. Baadhi ya watoto, kama mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo, huzaliwa wakiwa walegevu na kunyonya kwa shida kwa sababu kingamwili za mama zimepita kwenye kondo. Huisha zenyewe ndani ya wiki chache, ila siku za kwanza mtoto aangaliwe hospitalini.

Sasa jambo la kuondoka nalo mbio. Mkeo akipaliwa na mate yake mwenyewe, chai ikitokea puani, akishindwa kulala chali, au akikata sentensi katikati ili avute pumzi, msisubiri kukuche. Kuna njia ya kupima nyumbani: siku akiwa mzima, avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti hadi pumzi iishe. Andika namba. Siku ikishuka hadi nusu yake, au hafiki 15, mnaondoka. Msidanganywe na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Kinaweza kuonyesha 97 wakati misuli ya kifua iko karibu kugoma. Asafiri amekaa, si kulazwa, na si kwa bodaboda. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kilomita kama 70, na akianza kupumua kwa shida nusu njia barabarani hakuna mashine, kwa hiyo ni bora kwenda mapema na kurudishwa nyumbani mkiwa mmechekwa.

Shuleni, mwombe daktari aandike barua kwa mwalimu mkuu. Barua yenye muhuri husikika kuliko maelezo ya mume. Iombe mambo madogo: vipindi vyake viwe vya asubuhi, awe na kiti mbele ya darasa, mwanafunzi mmoja amwandikie ubaoni. Mwalimu mmoja niliyemtibu alinunua filimbi ili asipaze sauti, na aliniambia darasa lake ndilo lililotulia kuliko yote.

Dawa zikibaki za siku kumi, anza kutafuta nyingine. Hazipatikani kila duka, na kwenye ugonjwa huu wiki moja bila dawa si kitu cha kujaribu.

Na mama mkwe. Usibishane naye kuhusu uchawi, hutashinda, na hana nia mbaya, anamlinda mwanawe. Akitaka kumwombea, aombe. Mkatalie kwa heshima dawa za kienyeji za kutapisha na kuharisha, na mkatalie kabisa kuachisha vidonge. Kisha mwambie alichoona Kyela ni kweli, na kwamba hata daktari amekubali. Msiba mwingine ukitokea huko, kwendeni mchana mmoja na mrudi, akae kivulini, alale kwake. Siku ya kliniki mwombe mama aongozane nanyi. Mwulizeni daktari mapema kama mnaweza kufika alasiri, kope ikiwa imeshuka, naye amfanyie mkeo kile kipimo mbele ya mama. Barafu nunueni ninyi, na mama ndiye aishike.